Mtambo wako wa upepo unatetemeka? Weka spana chini kwanza

Wadau, juzi kijana mmoja kanitumia video inboksi, mtambo wake wa upepo unatikisa nguzo mpaka bati la nyumba linalia, anauliza akaze nati gani. Nimeiangalia mara tatu maana ni yaleyale yaliyonikuta Makambako na mpaka leo yananiuma.

Nilimfungia mteja mtambo wa mapanga matatu ya mbao, kipenyo mita 2.4, juu ya bomba la mita 12. Siku ya kwanza ulizunguka safi watu wakapiga picha. Masika yalipoingia simu zikaanza. Kila wiki naenda na spana, nakaza, narudi, siku tatu nati zimelegea tena, beringi ikafa, mwisho mteja akawa anawaambia watu sokoni mimi tapeli. Mimi, niliyeyachonga yale mapanga kwa mikono yangu!

Nilipoushusha nikayapima mapanga kwenye mzani wa duka. Moja lilizidi wenzake gramu 50, rangi ilipasuka nchani mbao ikawa inakunywa maji. Utasema gramu 50 ni nini? Zikikaa mita 1 kutoka katikati, mtambo ukizunguka mara 300 kwa dakika, zinavuta nguzo kama mzigo wa kilo 5, huku na huku, mara 5 kila sekunde. Mwendo ukiwa mara mbili, mvuto unakuwa mara nne. Nati gani itavumilia hapo?

Nikayakausha, nikapaka vanishi upya, nikayasawazisha ndani pasipo na upepo: kitovu, pale katikati mapanga yanapofungwa, kizunguke huru, panga linaloshuka lenyewe ndilo zito, unafunga kipande cha risasi upande mwepesi mpaka yatulie popote unapoyaachia. Ncha nazo pima, zote zipite mbele ya nguzo kwa umbali uleule.

Bado kwenye mwendo fulani nguzo ilicheza, upepo ukizidi inatulia. Hapo sio uzito tena, nguzo ina mdundo wake wa asili na mtambo unaipiga kwenye mdundo huohuo, kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati. Nikaongeza stei, zile waya za kuishikilia nguzo toka ardhini, safu ya pili katikati ya nguzo, kwisha. Mitambo mikubwa ina vihisi vinavyoizima mtetemo ukizidi, wewe kihisi chako ni kiganja, shika nguzo kila upepo unapobadilika, acheni uvivu jamani.

Mwaka sasa mtambo ule uko kimya, na yule mteja hajawahi kuniomba radhi. Kijana, ushushe leo, pima kila panga, nitumie namba za uzito.