Dawa ni bure, chakula je?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mtu wa Micheweni, Pemba, anameza ARV (dawa za kufubaza VVU) kila siku na bado anakonda, ilhali dawa ni bure. Dawa ndiyo bure, chakula kinanunuliwa. Mtu mzima mwenye VVU huhitaji nishati zaidi kwa kiasi cha asilimia 10 hata kabla ya dalili, na akiugua hufika asilimia 20 hadi 30. Sasa mtazame mwanamke anayelima mwani: bei ikishuka, nyumbani ni muhogo wa kuchemsha na chai kavu, na samaki akipatikana anauzwa. Bado nauli. Wengine hukiacha kituo cha afya cha jirani wakaenda mpaka mjini Chake Chake ili jamaa wasiwaone, na pesa hiyo ndiyo iliyokuwa ya kitoweo. Akiachwa na mume baada ya majibu kujulikana, ndiyo basi tena. Hayo ya kumwambia “kula vizuri” bila kumuuliza anapata wapi, mimi siyapendi. Afadhali mtajie vya bei nafuu: dagaa, choroko, kisamvu cha nazi, maembe ya msimu. Na uzito ukizidi kushuka apimwe kifua kikuu, huenda si njaa peke yake.