Kabla ya Kuamini Asilimia, Uliza Nani Alichanjwa

Utafiti mpya wa chanjo ya malaria ukiingia kwenye kundi letu la WhatsApp la wahudumu wa afya hapa Kisumu, macho yote hukimbilia asilimia. Mimi nimejizoeza kuiruka kwanza. Natafuta jambo moja: watoto waliochanjwa walikuwa akina nani, na kwa nini wao?

Mchukue mama wa Kondele aliye karibu na kituo cha afya, na mwenzake wa milima ya Nyakach anayesubiri siku ya wachanjaji kupanda kijijini. Wa kwanza hakosi dozi. Lakini pia chandarua anacho, na mtoto akishikwa na homa anapimwa siku hiyo hiyo. Mtoto huyo asipolazwa, tuishukuru chanjo au barabara? Utafiti unaofuatilia watu walivyo, bila kura ya bahati nasibu ya kuamua nani achanjwe, huweza kuyabeba yote hayo na kuyaita kazi ya chanjo. Upendeleo huu ndio ninaouhofia kuliko yote.

Vijana ninaosoma nao tafiti huwa nawaonyesha uchambuzi wa Marekani wa mwaka 2006, uliohusu wazee zaidi ya 72,000 na chanjo ya mafua. Kabla msimu wa mafua haujaanza, hatari ya kufa kwa waliochanjwa ilikuwa tayari chini kwa asilimia 61. Chanjo haizuii vifo vya ugonjwa ambao haujafika! Wazee waliokuwa hoi kitandani hawakwenda kuchanjwa, basi. Kwa hiyo tafuta kipimo cha aina hiyo katika kila utafiti. Ikionekana kwamba watoto waliopata chanjo ya malaria pia wanaungua moto au kuvunjika mifupa mara chache zaidi, jua makundi hayo hayakufanana tangu mwanzo.

Kwenye hesabu ya muda kuna mtego ambao wengi hawauoni. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilipozinduliwa Homa Bay Septemba 2019, ratiba ilikuwa miezi 6, 7, 9 na 24. Aliyepata dozi ya nne lazima awe ameishi hadi kufika kwenye dozi hiyo. Ukihesabu vifo tangu kuzaliwa, kundi la dozi nne litang'aa hata kama sindano ilikuwa maji matupu. Mtafiti makini humweka mtoto kwenye kundi la dozi tatu hadi siku ya sindano ya nne, ndipo anamhamisha. Ripoti isiyosema saa ilianza kuhesabiwa lini, siijengei uamuzi wowote.

Upendeleo hauipambi chanjo kila mara. Mafuriko ya Nyando yakipita, vijitabu vya mama na mtoto vinakwenda na maji. Utafiti ukimhesabu kila asiye na kijitabu kuwa hakuchanjwa, chanjo itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Angalia kama walirudi kwenye rejista ya kituo.

Ukitumia ROBINS-I, chombo cha mwaka 2016 cha kupima upendeleo katika tafiti zisizo na kura, chenye maeneo saba ya kukagua, usijumlishe alama ukatafuta wastani. Hukumu ya jumla haiwezi kuwa nzuri kuliko eneo lililo baya zaidi. Nimeona watu wakiuokoa utafiti mbovu kwa sababu maeneo sita yalikuwa safi, na la saba ndilo lililokuwa limebeba jibu lote.

Tuna bahati huku magharibi. Mwaka 2019 kaunti ndogo ziligawanywa kwa kura ya bahati nasibu: nyingine zikaanza chanjo, nyingine zikangoja hadi 2023. Kura haijui nani anaishi karibu na lami. Tathmini ya mpango huo, pamoja na za Ghana na Malawi, ililinganisha maeneo kwa maeneo, wasiochanjwa wakiwemo, ikakuta vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vimepungua kwa asilimia 13. Ni namba ndogo kuliko nyingi zinazosambazwa kwenye simu, lakini ndiyo ninayowapa wazazi wanaoniuliza.