Mzigo wa jeni na mlango wa mshipa

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu mishipa ya miguu imeziba. Binti yangu anasema kirusi hubebeshwa jeni la kutibu mshipa. Mbona babu yake hapewi? – Mama Neema, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba mama, pole kwa kuuguza. Binti yako yuko sahihi. Kirusi kinachotumika sana, kiitwacho AAV, hutolewa jeni zake, kikapakiwa jeni la tiba. Ugumu uko mlangoni. Seli za utando wa ndani wa mshipa huoshwa na damu usiku na mchana, lakini huupokea mzigo huo kwa shida. Ukidungwa kwenye damu, sehemu kubwa huishia ini. Ni kama fuso la ndizi kutoka Kibosho lishushe zote Mbuyuni kabla ya kufika kwako Majengo. Huwa nawaambia hivyo wanafunzi wangu.

Njia ya kuutatua ugumu huo ni kubadili gamba, yaani ganda la nje la kirusi linaloshika seli. Watafiti hupachika kwenye gamba kipande cha amino asidi saba (vijenzi vya protini), hutengeneza mamilioni ya magamba tofauti, kisha huchuja yanayoshika mshipa. Mwaka 2016 Wajerumani walitangaza AAV-BR1, aina ya AAV yenye gamba lililobadilishwa hivyo, inayolenga mishipa ya ubongo wa panya. Ya panya, mama, tena ya ubongo. Nafurahi mno kuiona kazi hiyo, ila mguu wa mzee hauwezi kuisubiri. Kama anavuta sigara aache, apimwe sukari na presha, na kidonda kikitokea kidoleni, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.