Kufunga pikipiki kwenye Fuso: kwa utingo anayeanza kazi

Mdogo wangu, gunia la mchele ukishalifunga vizuri Dar litakaa vilevile mpaka Mbeya. Pikipiki haiko hivyo, kwa sababu ni mzigo wenye springi. Kila gari likipanda tuta, shokapu zinabonyea na kamba inalegea. Gari likishuka tuta, shokapu zinafyatuka na kamba inavutwa kwa mshtuko. Sasa hesabu matuta ya kuanzia Chalinze, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Ilula hadi Makambako. Ndiyo maana unakuta pikipiki iliyosimama wima yadi imelalia ubavu wa bodi, kioo kimepasuka na tenki lina bonde. Mtu alifunga chombo kilichosimama, akasahau kwamba barabarani kitakuwa kinaruka.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mikanda miwili ya mbele ni kuzibonyeza shokapu na kuzishikilia hivyohivyo safari nzima. Kiasi gani? Karibu theluthi moja ya mwendo wake. Ukijua njia ni mbovu, nenda hadi nusu. Boxer na nyingi za bodaboda zina mpira wa mikunjo juu ya bomba la shokapu, huwezi kuona limeingia kiasi gani. Pima kwa vidole nafasi iliyopo kati ya madigadi ya mbele na kile chuma kinachobana shokapu mbili pamoja, kabla ya kukaza na baada ya kukaza. Wapo wanaokaza mpaka shokapu inafika mwisho wakidhani ndiyo uimara. Hapo umeinyima nafasi ya kucheza, na shimo la kwanza linapeleka nguvu yote kwenye sili, beringi za usukani na mkanda wenyewe. Mteja akija kulalamika kwamba shokapu zinavuja oili, usimshangae.

Wapi pa kushika? Ni hapohapo kwenye chuma kinachobana shokapu, chini ya usukani, kila upande mkanda wake. Pitisha kwanza kitanzi cha mkanda laini, halafu kulabu ya racheti (kile chuma cha kukazia mkanda) ishike kitanzi; kulabu ikigusa chuma moja kwa moja inakwangua rangi na inaweza kuchomoka shokapu zikibonyea. Usifunge kwenye mipira ya usukani. Inazunguka, inateleza, na usukani wenyewe unapinda. Kabla hujakaza, ingiza mkono ukague kilicholala chini ya mkanda: waya wa klachi, waya wa mafuta, waya wa spidomita, nyaya za taa, mpira wa breki kama ni ya diski. Waya wa klachi uliobanwa kutoka Dar hadi Iringa unapinda ganda lake, na mwenye pikipiki anakuja kuona klachi nzito asijue imetoka wapi. Pale ambapo mkanda lazima ugusane na chuma chenye ncha, weka kipande cha tyubu kuukuu. Na kama pikipiki imefika yadi ikiwa inaendeshwa, subiri eksozi ipoe, maana mkanda wa poliesta ukigusa bomba la moto unayeyuka.

Ukitazama kutoka mbele, mikanda ishuke kwa pembe ya nyuzi 45 hivi kila upande, ikivuta chini na mbele kidogo. Ikishuka wima inabonyeza vizuri lakini haizuii kulala. Kaza kwa zamu, kushoto mibano miwili, kulia mibano miwili, usimalize upande mmoja kwanza.

Gurudumu la mbele liegemee ukuta wa bodi nyuma ya kebini, na katikati uweke ubao. Wengi hupenda kuweka tairi kuukuu. Mimi silitaki, kwa sababu linabonyea dereva akishika breki, na likibonyea mikanda inalegea. Pigilia mbao mbili sakafuni, moja kila upande wa gurudumu, lisipate kugeuka. Usukani uwe umenyooka, usifunge loki yake. Stendi zote mbili ziwe juu. Pikipiki isimame kwa matairi yake. Ukiiacha kwenye stendi ya kati itadunda mpaka ishuke yenyewe, na stendi ya pembeni inatoboa mbao za sakafu au inapinda mahali ilipochomewa kwenye fremu. Pikipiki iwe gia namba moja.

Halafu upepo! Jaza matairi kabla ya kupakia. Tairi lenye pancha ndogo likiisha upepo njiani, pikipiki inashuka sentimita kadhaa na mikanda yote inaning'inia.

Nyuma inatosha mikanda miwili kutoka kwenye fremu, karibu na pedali za abiria, ikishuka pembeni na nyuma kidogo ili mkia usirukeruke. Keria iache. Nyingi zinashikwa na bolti ndogo, na nyingine zimechomelewa mtaani.

Kuhusu kamba. Ile ya katani ikilowa inakaza, ikikauka inalegea, kwa hiyo mvua ya usiku na jua la asubuhi vinatosha kukuharibia kazi. Manila inateleza kwenye fundo. Nunua mikanda ya racheti uitunze, na usome lebo yake: herufi LC na namba inayofuata ni nguvu ambayo mkanda unaweza kuhimili, kwa daN, ambayo unaweza kuichukulia kama kilo. Lebo ya buluu ni poliesta. Mkanda uliochanika pembeni au wenye fundo usiutumie, fundo linaupunguzia nguvu sana. Kiwango cha Ulaya cha kufunga mizigo, EN 12195-1, kinataka mzigo uzuiwe kwa nguvu ya 0.8 ya uzito wake kwenda mbele, na 0.5 kwenda nyuma. Kwa pikipiki ya kilo 120, hiyo ni kama kilo 96 zinazosukuma kuelekea kebini dereva akishika breki, na kilo 60 zinazoivuta kuelekea mlango wa nyuma. Kwenye mlima wa Kitonga utavionja vyote viwili, kimoja ukipanda kwenda Iringa, kingine ukirudi. Ncha za mikanda zinazobaki zifunge. Zikipigwa na upepo zinafyeka rangi ya tenki.

Funga koki ya mafuta. Kabureta ikitikiswa huku koki iko wazi, petroli inamwagika ndani ya bodi, na chini ya turubai mvuke wake hauna pa kwenda. Usiilaze pikipiki juu ya mzigo eti nafasi haitoshi. Asidi ya betri inamwagika na oili inaingia kwenye chujio la hewa. Pikipiki mpya ambayo bado iko kwenye kreti lake la chuma, mshauri mteja ikae humohumo, fundi ataiunga hukohuko.

Piga picha kila upande kwa simu, na moja ya spidomita, mwenye mali akiwa amesimama hapo. Chukua nakala ya kadi au risiti, trafiki wataiuliza.

Mwombe suka, yaani dereva, asimame baada ya kilomita 15 au 20. Atanung'unika. Shuka ukaze, maana mikanda mipya inajivuta na shokapu zinajipanga. Baada ya hapo, kila mkisimama kula, ushike kila mkanda kwa mkono.

Kushusha kunaumiza watu kuliko kupakia. Fungua ya nyuma kwanza, na ya mbele usiiguse mpaka mwenzako ameshika usukani, kwa sababu shokapu zinafyatuka juu racheti ikiachia. Kwenye ubao pikipiki inashuka kinyumenyume, uzito wote uko gurudumu la nyuma, na breki ya mbele inaburuza tairi tu. Simama kushoto, injini imezimwa, gia namba moja, mkono kwenye klachi. Ukibana klachi inashuka, ukiachia inasimama. Mwenzako awe pembeni ameshika keria, asikae nyuma yake hata kidogo. Ikigusa ardhi, mpe mwenyewe ajaribu breki zote mbili kabla hajawasha, ndipo asaini.