Arbuni ya mgeni msiiguse kabla hajalala

Wadogo zangu mnaotoka chuoni na kuanza kazi kwenye loji za huku Bwindi, msitu wa gorila wa Uganda, mtafundishwa mengi kuhusu kumkaribisha mgeni. Mimi nataka mjue cha kufanya siku mgeni hawezi kuja.

Machi 2020 nilikuwa mapokezi. Mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa tarehe 21, ndege za abiria zikazuiwa Entebbe, na siku chache baadaye safari za kuwaona gorila zikasimamishwa. Simu hazikukatika: wageni wa Ujerumani, wa Marekani, mawakala wa Nairobi na Arusha, wote wanadai arbuni zao. Arbuni zenyewe zilikuwa zimeshageuka magodoro mapya na mabati ya jikoni. Tukakosa la kusema, tukanyamaza siku nne nzima. Kimya kile kilituumiza kuliko deni. Wako mawakala ambao hawajatuletea mgeni hadi leo.

Siku ya tano mama meneja alichukua daftari akaanza kupiga simu, jina kwa jina. Aliwaeleza ukweli: pesa haipo mkononi, lakini chumba chako kipo, kwa bei ileile. Wengi walikubali kuahirisha. Kosa letu likawa kuwapangia tarehe. Entebbe ilifunguliwa Oktoba, lakini Juni 2021 nchi ikafungwa tena kwa siku 42, tukaanza kuomba radhi upya. Mpeni mgeni muda mrefu, achague mwenyewe.

Na loji iliyofungwa ina kazi yake. Kila wiki fungua bomba katika kila chumba, maji yaliyolala yatoke, maana huzaa vijidudu. Washa jenereta. Geuza magodoro, ukungu wa huku hauna huruma.

Majirani je? Juni 2020 gorila dume aliyeitwa Rafiki, kiongozi wa kundi la Nkuringo, aliuawa kwa mkuki na mwindaji haramu. Niliumia sana. Watalii wakikosekana, anayemuuzia mpishi wetu viazi na mayai naye hana kitu, na msitu uko nyuma ya nyumba yake. Hata mkibaki wafanyakazi watano, mboga nunueni kwake.

Septemba 2022 Ebola ilipotangazwa Mubende, tulikuwa tumeshajifunza. Siku hiyohiyo tuliwaandikia wageni wote: ugonjwa uko wilaya gani, barabara yetu inapita Masaka na Mbarara wala haigusi Mubende, anayeogopa barabara kuna ndege ndogo ya Entebbe hadi Kihihi, na anayetaka kuahirisha hatozwi kitu. Wapo walioahirisha, lakini hakuna aliyetutukana. Ujumbe wa namna hiyo uandikeni sasa hivi, kichwa kikiwa kimetulia, muuhifadhi kwenye simu ya mapokezi. Likitokea jambo, mtabadilisha jina la ugonjwa na la wilaya, kisha mtume kabla ya jioni.