Z ya zamani au Z mpya? Maswali yenu, majibu ya gereji

Mwangaluka wasomaji. Wiki mbili zilizopita niligusia Datsun 240Z, gari la michezo la zamani la Nissan (Datsun ni jina lao la zamani), kwa mstari mmoja tu, simu ikajaa ujumbe. Nimechagua maswali matano. Walioniuliza bei, sina gari la kuuza.

Nissan Z mpya na 240Z ya zamani zikisimama sambamba, ipi inaondoka kwanza? – Msomaji, Nyakato

Mpya, wala usiweke dau. 240Z, ambayo ukoo wake ulianza Japani mwishoni mwa 1969, ina silinda 6 za mstari, lita 2.4, nguvu ya farasi 150 hivi na uzito wa kama kilo 1,050. Ya sasa, iliyoingia sokoni 2022, ina V6 (silinda 6 zilizopangwa kama herufi V) ya lita 3 yenye tabo mbili, yaani vipulizia hewa ndani ya injini, na farasi 400, ila imenenepa mpaka karibu kilo 1,600. Ukigawanya, kila farasi wa zamani anabeba kilo 7, wa leo anabeba 4.

Na kwetu hapa Mwanza pengo linaongezeka. Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 10. Tabo inaisukuma hewa hiyo kwa nguvu, injini haioni tofauti kubwa. Kabureta ya 240Z, inayochanganya petroli na hewa, inavuta kilichopo. Gari lililosetiwa Dar likifika Mwanza petroli inazidi hewa, plagi zinashika masizi, na katika kila farasi kumi mmoja amebaki pwani.

Lakini ugonjwa huo nautibu kwa mikono. 240Z ina kabureta mbili, na ni lazima zivute sawasawa. Nakata mpira wa kumwagilia bustani, futi mbili hivi, ncha moja naiweka sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya kwanza injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Nasikia hewa inapita: sss. Nahamia ya pili. Ikivuma zaidi, nagusa skrubu yake kidogo, narudi ya kwanza, mpaka zote mbili ziwe na sauti moja. Kisha nati ya chini ya kila kabureta, robo mzunguko kwa robo, hadi mngurumo utulie. Kwenye Z mpya sikio langu halina kazi. Bila mashine ya kusomea kompyuta ya gari, na mimi ni abiria tu.

Kijana, sisi tulizishuhudia Datsun zikishinda Safari Rally. Hizi za leo zingeweza? – Mzee, Pasiansi

Shikamoo mzee. Kumbukumbu yako iko sawa. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z, na aliyewafuata, Shekhar Mehta, alikuwa na 240Z pia. Mwaka 1973 zamu ikawa ya Mehta, mzaliwa wa Uganda, baada ya kulingana pointi za adhabu na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun.

Z mpya kama ilivyotoka kiwandani nisingeipeleka kule. Inakaa juu ya rimu za inchi 18 au 19 na tairi nyembamba kama chapati. Ya zamani ilikuja na rimu za inchi 14 na mpira mnene unaomeza mawe, na kila gurudumu lina springi na shokapu yake linalojitegemea, jambo ambalo magari mengi ya enzi ile hayakuwa nalo nyuma. Kwenye lami, breki na usalama, mpya haina mpinzani. Ila nyumba ikiwa juu ya mawe ya Mabatini, mzee wangu, zote mbili zitalala chini kwa jirani.

Mjomba kapata Z ya miaka ya 70 huko Tanga, rangi inang'aa. Aichukue? – Msomaji, Kirumba

Asitume hata senti kabla hajalala chini ya gari. Adui wa Z hizi ni kutu, na gari lililozeekea karibu na chumvi ya bahari lina kutu hata kama linameremeta. Sisi wa ziwani tuna maji baridi, tumebarikiwa kwa hilo.

Mwambie atafute sumaku, hata ya spika iliyokufa, aifunge kitambaa asikwaruze rangi. Aipitishe pembeni chini ya milango, juu ya magurudumu ya nyuma, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma. Ikinasa, kuna bati. Ikiteleza, chini ya rangi kuna puti, na puti haishiki sumaku. Kisha ainue betri atazame bati lililo chini yake, maana asidi hula pale kimyakimya. Ainue kapeti. Mwisho aendeshe vioo vikiwa vimefungwa: akinusa moshi ndani, mara nyingi ni mpira wa mlango wa nyuma umekufa, na huo si ugonjwa wa kumkimbiza mnunuzi.

Injini isimtie hofu. Kabureta, plagi na platini ni vitu ambavyo fundi mtu mzima anavijua usingizini. Bodi ndiyo itakayommaliza, kwa sababu Z haina chesesi iliyotengana na bodi. Bodi ikioza, gari limeoza.

Kuna Z ya katikati ambayo mtu wa mshahara anaweza kuimudu? – Msomaji, Buzuruga

350Z ya kuanzia 2002. Hiyo ndiyo ningenunua mimi, yenye gia za mkono. Injini yake, V6 ya lita 3.5, ni ya familia ileile iliyo kwenye Nissan Murano mnazoziona kila siku barabara ya Kenyatta, hivyo fundi utampata. Inatumia cheni, si mkanda. Ile 300ZX ya 1989 ni nzuri kuliko zote kwa macho yangu, lakini ile ya tabo mbili imebanwa chini ya boneti kiasi kwamba spana ikidondoka haifiki sakafuni. Kabla ya kuagiza, pitia kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato: gari la miaka mingi lina ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine.

Nina mke na watoto wawili. Hakuna Z ya watu wanne? – Msomaji, Nyegezi

Ipo. Kuanzia 260Z ya 1974 mpaka 300ZX walitengeneza pia zenye viti vinne; kuanzia 350Z hadi leo ni viwili tu. Kiti cha nyuma cha hizo za wanne ni cha watoto wa chekechea. Shemeji akikaa kule safari ya Musoma, magoti yatafika kidevuni kabla hamjapita Magu.