Fremu 25, shata 1/50: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mistari kwenye picha na sauti inayoachana na midomo

Mkuu, maswali yako matatu yanakaribiana, ndiyo maana nayajibu kwa pamoja. Una Sony iliyotoka Marekani, Canon iliyonunuliwa hapa nyumbani, na simu ya kuchukua pembe ya tatu. Kwenye majaribio Sony inatoa mistari ya kiza inayotembea ukutani chini ya taa za tyubu, sauti ya rikoda inaanza sawa na midomo halafu inaachana nayo, na hujaamua filamu uipige kwa fremu (picha moja moja zinazounda video) 24 au 25 kwa sekunde. Piga 25, vifaa vyote vitatu, kuanzia klipu ya kwanza hadi ya mwisho.

Sababu ni umeme. Tanzania, Kenya na Uganda tunatumia umeme wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), na taa ya tyubu ya kawaida hufifia na kung'aa mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, sensa ya kamera inaona, kwa sababu inasoma picha mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini. Ukiweka shata (muda ambao sensa inapokea mwanga kwa kila fremu) 1/60, yaani sehemu ya sitini ya sekunde, kila mstari unakusanya mpigo mmoja wa mwanga na theluthi mbili za mwingine. Mistari iliyobahatika kupata kilele cha mpigo inang'aa, iliyokosa inafifia. Ukiweka 1/50, kila mstari unapata mipigo miwili kamili popote ulipoanzia, na ukuta unakuwa safi. 1/100 inatoa mpigo mmoja kamili, nayo ni salama. Sony yako imekuja imepangwa fremu 29.97 na 1/60 kwa sababu umeme wa Marekani ni wa hezi 60; kule hayo mapigo yanalingana.

Fanya jaribio hili kwenye chumba chenyewe utakachopigia, siyo nyumbani kwako. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, washa taa zilizopo, weka shata ya mkono, kisha zungusha gurudumu polepole: 1/50, 1/60, 1/80, 1/100, 1/125. Utaona mistari ikijitokeza kwenye 1/60, ikitoweka ukifika 1/100, halafu ikirudi kwenye 1/125. Kwa fremu 25 mistari hiyo hutulia karibu palepale, kwa 29.97 inatembea. Ukishaona kwa macho yako, funga shata kwenye 1/50 na usiiguse tena. Nje kwenye jua kali picha ikizidi mwanga, weka kichujio cha ND (kioo cheusi kinachopunguza mwanga) mbele ya lenzi au funga tundu la lenzi. Kupandisha shata hadi 1/500 kunafanya mtu anayetembea aonekane akirukaruka, na kipande hicho hakitaungana na kile cha ndani.

Kwenye menyu ya Sony tafuta kipengele cha NTSC/PAL (NTSC ni mfumo wa video wa Marekani wa fremu 29.97, PAL ni ule wa fremu 25), weka PAL. Kamera itadai kufomati kadi, kwa hiyo hamisha kwanza kila kilichomo. Baada ya hapo ndipo chaguo la 25p na 50p (fremu 25 na 50 kwa sekunde, kila fremu ikiwa nzima) litajitokeza. Ukiwa NTSC halionekani kabisa, na wengi hudhani kamera yao haina. Kuna Sony za soko la PAL ambazo zikiwekwa NTSC huandika "Running on NTSC" kila unapoziwasha. Ukiona maandishi hayo kwenye kamera ya kuazima, simama hapo hapo urekebishe. Panasonic nyingi huita kipengele hiki System Frequency, nawe unachagua 50 Hz. Tahadhari kwa mtu anayetaka kununua: kamera ndogo za familia za Canon zilizouzwa Marekani kwa jina la Vixia zilifungwa NTSC moja kwa moja, wakati ndugu zake wa PAL waliitwa Legria. Hiyo haibadilishwi na menyu, hata iwe bei rahisi vipi.

Mwendo wa polepole nao ufuate familia hiyohiyo. Fremu 50 kwa shata 1/100 zinakupa nusu ya kasi kwenye taimulaini (mstari unaopangia klipu wakati wa kuhariri) ya 25, bila mistari. Fremu 120 chini ya taa za tyubu ni kujitafutia balaa, maana shata haiwezi kushuka chini ya 1/120 na mpigo kamili haupatikani. Hizo zipige juani.

Sasa jenereta. Jenereta ndogo huzalisha hezi 50 injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, lakini mzigo ukipungua injini huongeza kasi, na hezi nazo hupanda. Zikifika 52, shata yako ya 1/50 haikamati tena mipigo kamili, na utaona wimbi jepesi likipita polepole kwenye picha. Usihangaike na fremu. Weka mzigo ambao hautabadilika katikati ya teki, yaani kipande kinachopigwa bila kukatishwa (ukizima pasi ya mavazi, umebadilisha hezi), au tumia jenereta ya inveta ambayo hezi zake zimetulia. Kamera nyingi za video zina shata ya kurekebisha kwa vipande vidogo, Panasonic huiita Synchro Scan, Canon huiita Clear Scan. Unaizungusha huku ukitazama skrini hadi wimbi lisimame. Balbu za LED za bei nafuu ni shida ya aina nyingine. Zilizo na kipunguza mwanga huwaka na kuzima kwa kasi yao wenyewe, isiyofuata umeme wa nyumba, kwa hiyo 1/50 inaweza isisaidie. Ziwashe mwanga kamili, kisha punguza kwa kitambaa au kwa kuzisogeza mbali. Ikishindikana, badilisha balbu.

Kuhusu sauti, angalia kwanza inaachanaje na picha. Ikiwa pengo linakua taratibu na kwa usawa, una klipu ya 23.976 iliyosomwa kama 24, au 29.97 iliyosomwa kama 30. Tofauti ni sehemu moja kwa elfu: sekunde 3.6 kwa saa, sekunde 0.6 kwa kila dakika kumi. Kwenye programu ya kuhariri, tafsiri klipu kwa namba yake halisi na pengo litafungika. Ikiwa pengo linarukaruka, mara dogo mara kubwa, mhusika ni simu. Simu nyingi hazipigi kasi moja. Mwanga ukipungua zinapunguza fremu zenyewe. Fungua klipu kwenye MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili, na ukikuta mstari wa kasi ya fremu umeandikwa Variable (inabadilikabadilika), usiiburute kwenye taimulaini ilivyo. Ipitishe kwanza kwenye programu ya kubadilisha video ya HandBrake kwa Constant Framerate (kasi isiyobadilika) na 25, au kwa amri ya programu ya ffmpeg hivi:

ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=25 -c:v prores_ks -profile:v 2 -pix_fmt yuv422p10le -af aresample=async=1 -c:a pcm_s16le -ar 48000 simu25.mov

Faili litavimba. ProRes 422, aina ya video ya kuhariria inayotolewa na amri hiyo, ya 1080 kwa fremu 25 inakula takriban GB 55 kwa saa, andaa diski. Lakini hiyo ni tiba. Kinga ni kupiga 25 tangu mwanzo. Kwenye iPhone nenda kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya kurekodi video, washa Show PAL Formats. Kwa Android, na iPhone pia, programu ya bure ya Blackmagic Camera inakuruhusu kuchagua 25 na kufunga shata. Rikoda iweke kilohezi 48, biti 24, na piga makofi mbele ya kamera zote mwanzoni mwa kila teki. Mwishoni pia, kama teki ni ndefu: makofi ya pili ndiyo yanayokuonyesha pengo limefikia fremu ngapi.

Hofu yako kwamba 25 "haina sura ya sinema" iondoe. Kati ya 24 na 25 hakuna mtazamaji atakayeona tofauti. Kinachotoa ile sura ni shata ya nusu ya muda wa fremu, na 1/50 kwa fremu 25 ndiyo hiyo hasa. Sehemu pekee ambapo 24 ina uzito ni jumba la sinema. DCP (kifurushi cha faili za filamu zinazochezwa kwenye jumba la sinema) ya 24 inachezwa na kila seva, ile ya 25 haipokelewi na kila jumba. Hata hivyo huhitaji kupiga 24 kwa sababu hiyo. DCP-o-matic, programu ya bure, inapunguza mwendo wa 25 hadi 24 na kurekebisha sauti yenyewe. Filamu ya dakika 90 inakuwa dakika 93 na sekunde 45. Ukilazimishwa na mteja kupiga 24, piga, ila shata ibaki 1/50. Kwenye kamera inayohesabu shata kwa digrii, hiyo ni 172.8.

Katika kuhariri, weka kasi ya projekti kuwa 25 kabla ya kuingiza klipu yoyote, hasa kwenye programu ya DaVinci Resolve, kwa sababu ukishaingiza vitu inaifunga. Na kadi ya kamera ya AVCHD (mfumo wa kurekodi wa kamera nyingi za video) inakiliwe folda nzima ya PRIVATE pamoja na vilivyomo. Ukichomoa faili za ndani peke yake, teki ndefu iliyokatwa vipande na kadi inaweza kuunganishwa ikiwa na shimo la fremu chache kwenye kila kiungo, na sauti ikakatika hapo. Kamera hizo pia hufunga 25p ndani ya bahasha ya 50i, yaani video ya mistari ya kupokezana. Programu ikidhani picha yenyewe ni ya mistari ya kupokezana, itaichuja na kuipunguzia ukali. Ingia kwenye tafsiri ya klipu na uiambie ni progresivu, yaani ya fremu nzima.

Zimebaki zile klipu za 29.97 ulizokwisha piga. Zisizo na maneno, kama bahari, barabara na mikono ikisuka ukili, zitafsiri kama 25: zitakwenda kwa asilimia 83 ya kasi na kila fremu itabaki nzima, tena huwa nzuri. Zenye mazungumzo ziache programu idondoshe fremu moja katika kila sita. Kamera ikiwa imetulia kwenye tripodi, mshtuko hautaonekana sana. Usitumie ile njia ya kubuni fremu za katikati kwa mtu anayeongea kwa mikono, vidole vinayeyuka. Kama kamera ilikuwa inageuka kumfuata mtu huku anaongea, rudia hiyo teki kwa 25.